Kikombe Kimoja kwa Wawili

Siku Kimya alipoanza mazungumzo yeye mwenyewe, Kiraka alijua kuna kitu kimeharibika.

Walikuwa kwenye dawati lao la dirishani, viti viwili, kompyuta moja. Ndivyo walivyofanya kazi pale ushirikani: mmoja anaandika programu, mwenzake anachungulia begani na kusema palipokosewa, halafu wanabadilishana. Zaidi ya mwaka sasa Kiraka alikuwa akiandika huku pumzi ya mwanaume huyu inamgusa sikio la kushoto, na bado kazi ilikuwa inatoka safi. Hilo peke yake lilistahili cheti, maana kile cha chuo aliondoka kabla hajapewa.

"Jumapili nilikwenda kwa baba yako," Kimya alisema.

Vidole vya Kiraka vikasimama. "Ulimpelekea nini?"

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Nilijipeleka mimi. Nikamwambia nakutaka. Nikamwambia nataka tuishi pamoja mpaka mmoja wetu azikwe, na ningependa nitangulie mimi, kwa sababu sijui kupika."

Kiraka akageuza kiti. Kimya alikuwa anatazama ubao wa herufi kana kwamba jibu limeandikwa pale. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Ulisema maneno yote hayo? Wewe?"

"Nilifanya mazoezi kwenye kioo."

Kiraka alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa mkono. Hamu ya kumshika uso pale pale, mbele ya watu, ilimpanda kama homa, akaishia kumkanyaga mguu chini ya meza. Kimya alimkanyaga na yeye. Walitazamana, na kwa muda huo mfupi hapakuwa na ofisi, wala mashine, wala simu zinazolia.

"Baba akasemaje?"

"Aliniita karibu. Akanishika paji, pua, mashavu, kama anatafuta waya ulipokatika. Akasema, 'Masikio makubwa. Wajukuu wangu watasikia vizuri. Mchukue, lakini mchukue kweli.'"

Hapo ndipo Kiraka alipoacha kucheka. Haikuwa kwa sababu ya neno la baba. Alikumbuka ni siku gani.

"Kimya," alisema polepole. "Kikao ni leo."

"Ndiyo maana nimekwambia."

Ushirika wao ulikuwa na watu saba, na hapakuwa na mwenye mali wala mtumwa. Mali ilikuwa yao wote, mshahara mmoja, kura moja kila mtu. Walikuwa wametengeneza mfumo wa zamu za wauguzi: muuguzi mwenye mtoto mgonjwa anaomba kubadilishana usiku, mwenzake anakubali, mfumo unaangalia asionewe yule yule kila wiki. Hospitali ziliupenda. Sasa kampuni kubwa iliupenda pia. Ilitaka kununua mfumo wote, na yeyote kati ya wale saba atakayetaka kwenda nao apewe ajira na bima ya matibabu ya yeye na watu wake. Ila wakubwa wa kampuni walishasema wazi kwamba kitufe cha kubadilishana zamu kitaondolewa. Mashine ndiyo itakayompangia muuguzi, na muuguzi ataitika.

Wanne walikuwa hawataki kuuza: Kiraka, Kimya, Mama Simu anayepokea malalamiko ya wateja, na Dada Rangi anayechora kurasa. Watatu walitaka: Bosi, aliyeitwa hivyo kwa sababu pale pasipo na bosi yeye alikuwa anakazana awe, Mrefu, na Fundi wa nyaya na mitambo, mzee kuliko wote, ambaye ni baba yake Kiraka.

Wanne kwa watatu. Hesabu ilikuwa imekaa sawa, isipokuwa kwa kanuni moja.

Kanuni yenyewe aliiandika Kiraka. Huko nyuma Bosi alilalamika kwamba baba na binti wanaoishi nyumba moja wanapiga kura kwa mdomo mmoja. Kiraka, ambaye hapendi kuambiwa kitu mara mbili, alifungasha nguo zake, akapanga chumba, halafu akaandika kwamba kuanzia sasa watu wa nyumba moja wana kura moja. Na kwa kuwa siku zile Bosi na Mrefu walikuwa wanatupiana macho kila mapumziko, akaongeza kwa utani: au walioahidiana kuwa nyumba moja. Watu walicheka, wakapitisha. Bosi na Mrefu wakaachana mwezi uliofuata. Kanuni ikabaki.

"Kwa hiyo mimi na wewe sasa ni kikombe kimoja," Kiraka alisema, maana pale kura zilipigwa kwa vikombe.

"Ndiyo."

"Watatu kwa watatu. Na zikilingana anaamua mkubwa kwa umri."

"Baba yako."

"Baba yangu anauza, Kimya. Anauza kabla sijakaa vizuri kwenye kiti."

Wote wawili walijua kwa nini mzee angeuza. Jicho moja lilishakwenda. La pili daktari alisema linaweza kuokolewa likipasuliwa mapema, na mfuko wa ushirika ulikuwa umemalizikia kwenye lile la kwanza. Kampuni ingemlipia yote. Mzee hakuwahi kumwomba mtu kura. Aliendelea tu kuja kazini, akibana nyaya kwa kupapasa.

"Ungesubiri kikao kipite," Kiraka alisema. "Siku moja mbili tu, ungekufa?"

"Nimesubiri mwaka. Na wewe ndiye uliyeniambia, mzee akilainika tu niende. Jumamosi ukaniambia amelainika."

"Nilikwambia amelainika, sikukwambia ukimbie."

"Sikujua kama kukuomba kuna ratiba."

Mama Simu alipita na birika la chai, akawaangalia, akapunguza mwendo. Wote wawili wakaangalia kioo cha kompyuta kwa bidii ya ajabu. Alipopita, Kiraka alimsogelea Kimya mpaka bega likagusana na bega.

"Sikiliza. Anayejua ni baba na sisi. Ukiulizwa, sema hakuna kitu."

"Niseme nini?"

"Hakuna ahadi. Neno moja. Wewe si mtu wa maneno mengi, hutachoka."

"Unataka nikukane."

"Kwa dakika moja. Kikao kikiisha tunaendelea tulipoishia. Wiki ijayo tunajitangaza, nitavaa hata maua kichwani ukitaka."

"Na baba yako atakuwa amekaa pale anasikia."

"Baba nitaongea naye mimi."

"Amenishika uso, Kiraka."

"Na wauguzi je? Yule mama wa wodi ya watoto aliyelia kwenye simu na Mama Simu, tumwambie nini? Kwamba tulitaka kuoana haraka?" Akashusha sauti. "Mimi sijawahi kumaliza kitu maishani. Chuo sikumaliza. Shoka la baba nililiazima nikalipoteza. Hiki ndicho kitu kimoja nilichokishika mpaka kikasimama. Usinifanye nikivunje kwa mkono wangu."

Kimya alimtazama muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kujaribu mfumo kabla haujapelekwa hospitalini. Analipwa kusema palipovunjika, na hakuna aliyewahi kumbembeleza aseme pamepona wakati hapajapona. Bosi alijaribu mara moja. Kimya alimrudishia kazi ile ile na neno lile lile: bado.

"Wewe unanipenda?" aliuliza.

"Swali gani hilo sasa hivi?"

"Nauliza."

"Unajua jibu."

"Haya," alisema, akasimama. "Nakwenda kunywa maji."

Alikaa huko jikoni muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

*

Meza ya kikao ilikuwa ndefu, imeunganishwa kwa meza mbili zisizolingana urefu, kwa hiyo aliyekaa katikati alilazimika kuchagua upande. Kila mtu alikuwa na kikombe chake mbele yake, kitupu. Ukikubali, unakiacha kimesimama. Ukikataa, unakipindua. Hawakutaka mikono juu, kwa sababu mkono unaweza kushuka ukitazamwa vibaya.

Fundi aliingia akishika ukuta. Alikuwa amevaa shati la kwendea safari. Kiraka alimvutia kiti.

"Asante, mama," alimwambia, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto. Akanusa hewa. "Na huyo mwenzio yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi, baba?" Kiraka alisema haraka.

Mzee akageuza uso upande wa sauti yake. Alikaa, akapapasa mpaka akakipata kikombe chake, akakizungusha mpaka mshikio ukamwelekea.

Bosi hakuwa kiziwi.

"Kabla hatujaanza," alisema, "nina swali la kanuni. Tena kanuni ya Kiraka mwenyewe, ile nzuri." Alimwangalia Kiraka bila chuki, na hilo ndilo lililouma. "Mimi nina wazazi wawili kitandani, mnajua. Sina haja ya kumkomoa mtu. Lakini nataka tuhesabu vikombe kihalali. Fundi, kuna mtu amekuja kwako kuhusu binti yako?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani kwangu," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee wangu, na nyumba ndiyo tunayoiulizia."

"Waulize wenyewe. Wana midomo. Mmoja wao angalau."

Dada Rangi alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

Kimya alikuwa ameshakaa mwisho wa meza, mbali na kiti cha kawaida. Bosi akamgeukia. "Kaka, tunakuuliza kwa heshima. Kati yako na Kiraka kuna ahadi?"

Kiraka alitazama mikono yake. Alikuwa amejiandaa kwa neno lenyewe, si kwa kimya kilicholitangulia. Alisikia feni ya mtambo ukutani. Alisikia baba yake akipumua kwa pua. Ghafla akatamani Kimya akatae kumtii. Akatamani aseme ndiyo, aharibu kila kitu, auze ushirika na wauguzi na kitufe chao, amshike mkono mbele ya watu hawa wote.

"Hakuna," Kimya alisema.

"Hujawahi kumwomba?"

"Umeniuliza kama kuna ahadi. Hakuna."

Aliinua macho akamtazama Kiraka, na yalikuwa macho yale yale anayoyatumia akirudisha kazi. Kiraka hakuyaelewa. Alidhani ni uchungu wa kusema uongo, akamwonea huruma, akampenda zaidi.

"Kiraka?" Bosi aliuliza.

"Hakuna," alisema, na sauti yake ikatoka imara kuliko alivyotegemea. "Tunakaa kiti kwa kiti, basi. Mnataka tuoane kwa sababu tunatumia kompyuta moja? Basi Mama Simu ameolewa na mteja wa kila simu."

Watu walicheka kidogo. Mrefu alikohoa. Bosi akamrudia mzee, kwa upole. "Fundi?"

Kila mtu pale alijua mzee hadanganyi. Mzee alikuwa ametazama mbele, kati ya watu wawili, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Kuna kijana alikuja nyumbani Jumapili," alisema. "Nilidhani ni huyu." Akapapasa ukingo wa kikombe. "Kumbe siye. Basi ni macho yangu."

Mama Simu alikuwa anatazama dari, akipepesa macho.

"Tuendelee," alisema Fundi. "Chai itapoa na hatujamimina."

Vikombe viligeuzwa. Kiraka alipindua chake. Kimya akapindua, Dada Rangi, Mama Simu. Bosi na Mrefu waliacha vyao vimesimama. Fundi alikiacha chake pia, akakizunguka kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayeota moto. Wanne kwa watatu. Mfumo haukuuzwa.

Dada Rangi alimkumbatia Kiraka kwa nyuma, akamwambia sikioni kwamba yule mama wa wodi ya watoto leo atalala. Kiraka alitikisa kichwa. Alikuwa anamtafuta Kimya.

*

Alimkuta dawatini anachomoa waya wa chaja yake na kuuviringisha taratibu, duara juu ya duara.

"Tumepita," Kiraka alisema kwa kunong'ona. "Pole. Najua ilikuuma. Twende mahali nikununulie kitu, halafu tumfuate baba, nitamweleza yote mwenyewe, atanitukana kidogo atamaliza."

"Utamweleza nini?"

"Kwamba tulidanganya."

"Mimi sikudanganya," Kimya alisema.

Kiraka alitabasamu, akisubiri mzaha uliokuwa unakuja. Haukuja.

"Kule jikoni nilijaribu," Kimya alisema. "Nilisema hakuna, kwa sauti, kama kwenye kioo. Haikutoka. Nikajua nikiingia pale nitasema ndiyo, na ushirika utauzwa, na utanichukia pole pole maisha yetu yote. Kwa hiyo nikalifanya liwe kweli."

"Ulilifanyaje?"

"Niliiacha. Ile ahadi. Niliiacha pale kwenye sinki, halafu nikaja nikakaa. Niliulizwa kama ipo. Haipo."

"Kimya, acha basi."

"Sitanii. Wewe ndiye unayetania."

"Hicho si kitu cha kuacha kwa dakika moja." Alimshika mkono wa shati. "Ni maneno tu. Si tulikubaliana, dakika moja, halafu tunaendelea?"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikuuliza kama unanipenda, ukaniambia najua jibu." Hakuutoa mkono wake, lakini haukuwa na uzito wowote, kama mkono wa koti. "Sikuwa najua. Nilikuwa nauliza kweli."

"Nakupenda. Sikiliza basi. Nakupenda. Nimesema."

Kimya alifumba macho. Kwa kitambo Kiraka aliona uso wake ukilegea kama wakati ule wa asubuhi, na akadhani amempata.

"Ungesema vile mezani," alisema, "ningekuoa hata tungebaki bila meza."

"Na wauguzi?"

"Ndiyo hivyo. Ulichagua vizuri. Ningekuwa mimi ndiye nimeuanzisha ushirika huu, labda ningechagua hivyo hivyo." Alifungua macho. "Lakini siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo nilikanwa ili isimame. Na kumwangalia yule mzee siwezi. Amepoteza jicho leo, Kiraka. Amelitoa mwenyewe ili usionekane mwongo, na nilikaa pale nikamwacha."

"Kwa hiyo unaondoka kazini?"

"Hapana. Nikiondoka Bosi ataitisha kikao kingine, na kura zitalingana. Nitabaki. Nitaomba tu nikae na Mrefu."

Alisema hilo kwa upole kabisa, na ndipo Kiraka alipoelewa kuwa limekwisha. Angemwona kila siku. Angemsikia akimwambia Mrefu "bado," angemwona akijaza maji, angemwona akizeeka mita chache kutoka kwake, na kikombe chake kingekuwa upande wake kwenye kila kura.

Alitaka kulia akashindwa, kwa sababu Mama Simu alikuwa anaita, akisema Fundi ameshatoka na hana mtu wa kumshika.

*

Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa. Baba yake alikuwa amesimama juu ya ngazi, mguu mmoja mbele, anatafuta ncha ya kidato kwa soli.

"Baba."

"Mh."

Alimshika mkono. Walishuka vidato vichache.

"Baba, alikuwa yeye."

"Najua. Niliyashika yale masikio, yako peke yake duniani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba binti yangu mwongo? Mbele ya yule anayejifanya bosi?" Alipapasa ukuta. "Nilijua uliposema 'mwenzangu yupi' kwamba umeshalipanga. Wewe ukipanga jambo, tangu mdogo, mtu anayekupenda afadhali akae kando."

"Na jicho?"

"Jicho limezoea. Litaondoka pole pole, halina papara kama nyie." Akasimama. "Kijana je? Mmepatana?"

Kiraka akaanza kulia kwa sauti, bila haya, kama mtoto, mkono bado umeshika mkono wa baba, na machozi yakaziba ngazi yote mbele yake.

Mzee alimsikiliza kidogo. Kisha akaubana mkono wake kwa nguvu.

"Nyamaza kwanza, mama," alisema. "Utalia tukifika chini. Hapa kwenye ngazi mmoja wetu lazima aone."